Nani Ana Bomu, Nani Ana Kitabu

Kiswahili kina tabia ambayo walimu wa sarufi huiita kauli ya kutendua. Unachukua kitenzi, unakichomekea -u-, na kazi yote inarudi ilikotoka. Funga, fungua. Ziba, zibua. Fumba, fumbua. Tega, tegua. Hicho cha mwisho ndicho kilichonikalisha kuandika. Mtu hutega mtego wa ndege. Mtu hutega kitendawili. Mtu hutega bomu. Na vyote vitatu, ukitaka kuviondolea makali yake, unavitegua. Askari akitegua bomu na mtoto akitegua kitendawili, mtangazaji wa redio na bibi wa kijijini wanatumia neno lile lile, na hakuna anayeshtuka.

Kwa miaka mingi hilo nililichukulia kama bahati ya msamiati tu. Sasa nimeucheza mchezo mmoja wa kompyuta ulionifanya niamini kwamba Kiswahili kiliona kitu. Unaitwa Keep Talking and Nobody Explodes, yaani endeleeni kuongea na hakuna atakayelipuka. Nataka kuujadili hapa, kwenye ukurasa wa vitabu na riwaya, kwa sababu kwa mtazamo wangu ni kipindi cha vitendawili kilichovaa nguo za bomu. Na kama vipindi vyote vya vitendawili, unaonesha nani ndani ya nyumba husikilizwa na nani hukatizwa.

Kwanza historia yake kwa ufupi. Wazo lilizaliwa Januari 2014 huko Ottawa, Kanada, katika Global Game Jam, lile tukio ambalo watengenezaji wa michezo hujifungia siku mbili na kutoka na mchezo walioanza nao kwenye sifuri. Vijana watatu waliokuwa na wazo hilo wakaunda kampuni yao, Steel Crate Games. Mchezo ukaingia sokoni mwaka 2015, mwaka uliofuata ukapata tuzo ya usanifu katika Independent Games Festival, na mwaka 2019 ukafika kwenye simu.

Kanuni yake ni rahisi mno. Mtu mmoja anakaa mbele ya skrini na anaona bomu: sanduku lenye nyaya, vitufe, taa, na saa inayohesabu kurudi nyuma. Hana maelekezo yoyote. Wengine wamekaa upande wa pili na kitabu cha maelekezo cha kurasa 23. Hao hawaruhusiwi kuona bomu. Kati ya pande hizo mbili kuna mdomo na sikio, basi. Mwenye bomu anaeleza anachokiona, wenye kitabu wanatafuta ukurasa na kumwambia afanye nini. Kwa kawaida ukikosea mara tatu, au dakika zikiisha, mnalipuka wote. Na kila kosa linaifanya saa ikimbie zaidi.

Jambo la kuwasifu waliolitengeneza: kitabu ni cha bure. Mnahitaji nakala moja tu ya mchezo kwa watu wote mlioko chumbani, na karatasi. Ndiyo maana uliweza kufika Kiloleli, huku Simiyu, kwa shangazi yangu, nilikokwenda likizo ya wiki mbili mwezi wa nane, pamba ikiwa imeshauzwa na watu wana muda wa kukaa. Kompyuta ilikuwa ya kwangu. Kitabu nilikiprinti Bariadi mjini, na kijana wa dukani aliangalia ukurasa wa kwanza, akaniangalia mimi, akaangalia tena ukurasa. Nikamwambia ni mchezo. Akaprinti, lakini hela aliihesabu bila kuniondolea macho.

*

Kitabu hicho kinastahili kusomwa kama fasihi, na sisemi hivyo kwa utani. Kimeandikwa kwa lugha kavu ya fomu za ofisini: ikiwa hivi, fanya vile, vinginevyo, angalia kama. Chukua nyaya tatu. Kama hakuna hata mmoja mwekundu, unakata wa pili. Mwekundu ukiwepo lakini wa mwisho ni mweupe, unakata wa mwisho. Kama si hivyo lakini wa bluu umezidi mmoja, unakata wa bluu wa mwisho. Hizo ni tatu tu. Zikifika sita unaanza kuulizwa kama kuna wa njano, na kama namba ya utambulisho ya bomu inaishia kwa namba witiri.

Soma hayo peke yako na chai, utaona upuuzi mtupu. Hakuna bomu duniani linalojali kama betri zake ni mbili au tatu kabla ya kuamua kitufe kibonyezwe vipi. Hakuna bomu linalowasha kiskrini na kuuliza, kwa adabu kabisa, kama ungependa lilipuke, ndiyo au hapana. Katika mchezo huu lipo, na nimeona mtu mzima akisita kabla ya kujibu. Ucheshi wake unatoka hapo. Mambo ya kipuuzi yamesemwa kwa sauti ya sheria, na wewe, kwa sababu saa inakimbia, unayatii kama sheria. Yeyote aliyewahi kurudishwa dirishani kwa sababu fomu yake imejazwa kwa kalamu ya bluu badala ya nyeusi anaujua ucheshi huo bila kufundishwa.

Lakini sehemu iliyonipa sababu ya kuandika ni ya vitufe vya alama. Bomu linakuwa na vitufe vinne, kila kimoja na alama ya ajabu. Nyingine zimetoka kwenye herufi za Kigiriki, nyingine za Kislavoni, nyingine ni kama mtu alidondosha wino. Kitabu kina safu sita za alama. Kazi ni kuipata safu yenye zote nne, halafu kuzibonyeza kwa kufuata mpangilio wa safu hiyo. Tatizo ni kwamba alama hizo hazina majina. Mwenye bomu lazima azipe jina hapo hapo, na jina hilo lazima limfikie mwenzake.

Usiku wa pili tulimweka shangazi mbele ya kompyuta. Yeye ni mkulima, ana miaka sitini na kitu, Kiswahili anakisoma vizuri na Kiingereza hataki kukisikia. Kitabu alikishika jirani yetu, mwalimu mstaafu, ambaye kijiji kizima kinamwita Mwalimu tu.

"Naona zizi," shangazi akasema. "Mlango wake uko chini."

"Mayu, hapa hakuna zizi."

"Lipo. Zizi la duara, mlango chini, na miti miwili imelala pembeni mwa mlango."

Mwalimu akapitisha kidole safu hadi safu, kisha akacheka peke yake. Ilikuwa omega. Amefundisha hesabu miaka thelathini, ameiona alama hiyo mara nyingi, na hajawahi kuiona zizi.

"Endelea, Mayu."

"Mtu ameinua mikono. Kama anaomba mvua."

"Nimemwona."

"Ngazi imeanguka, juu yake kuna kibakuli."

"Hiyo ni N imegeuzwa."

"Mimi sijui N zako. Ngazi."

"Haya, ngazi. Ya mwisho?"

"Sita yenye shungi."

"Anza na shungi, halafu muomba mvua, halafu ngazi, halafu zizi. Polepole."

Taa ya kijani ikawaka. Binamu yangu wa kidato cha nne, ambaye jana yake alishindwa alama hizo hizo kwa kusema "ile kama E, lakini siyo E", alinyamaza kimya.

Sasa ninyi mnaopenda vitendawili, angalieni kilichotokea hapo. Katika kitendawili mtegaji anaficha kitu cha kawaida ndani ya taswira: yai linakuwa nyumba isiyo na mlango. Msikilizaji anatoka kwenye taswira kwenda kwenye kitu. Shangazi alifanya kazi ya mtegaji bila kukusudia kuficha chochote. Alikuwa na kitu kisicho na jina, akakitafutia taswira, na Mwalimu ndiye aliyepaswa kuitegua taswira hiyo hadi kufika kwenye alama. Huku Usukumani mtegaji husema "Kalagu!" na wasikilizaji huitikia "Kize!", yaani kije. Usiku ule ilikuwa kalagu kize tupu, ila aliyekosa hakutozwa mji. Pale ambapo watoto husema "nipe mji" na kukabidhiwa Mwanza au Dar es Salaam nzima, hapa palikuwa na mlipuko na giza. Adhabu zote mbili zinafanana kwa kitu kimoja: zinauma sana na hazikupotezei chochote.

Aliyetushinda sote pale alikuwa mwenye taswira nyingi. Binamu ana msamiati wa shule, na shule ilimfundisha kwamba kitu kisicho kwenye silabasi huitwa "ile". Shangazi amekulia kwenye vitendawili. Kwake hakuna umbo lisilofanana na kitu. Fasihi simulizi tunaifundisha shuleni kama orodha ya tanzu za kukariri kwa ajili ya mtihani. Mchezo wa Wakanada ukaja kunionesha kuwa ni ujuzi wa kazi, wa kuokolea watu.

*

Kuna sehemu nyingine ya bomu iliyopewa jina la kichekesho maarufu cha Abbott na Costello, wachekeshaji wa Marekani, kile cha wachezaji wa besiboli ambao majina yao ni maswali. Hapo kiskrini kinaonesha neno, na maneno yamechaguliwa kwa ubaya kabisa: there, their, they're, red, read, lead, led. Kwenye vitufe kuna hata miguno, ile ya kukubali, ya kukataa na ya kufikiri. Mwingereza akisema neno, mwenzake hana namna ya kujua ni lipi. Wanapigiana kelele mpaka wanalipuka, na wengine wanaanguka kwa kicheko.

Kiloleli mambo yalikwenda tofauti. Binamu akiwa kwenye bomu alisema "red". Mwalimu akauliza, "Ya rangi au ya kusoma?" Akajibu, "Ya kusoma." Imekwisha. Neno lililofuata: "Lead." "Ya kuongoza?" "Eeh, ya kuongoza." Imekwisha. Kiswahili kiliingia katikati kama mkalimani na kuutegua mtego wote ambao Kiingereza kilijitegea chenyewe. Kilituokoa, na kikakiua kichekesho.

Kilichobaki kikawa ni miguno. Binamu akaguna kukubali. Mwalimu akasubiri.

"Sasa sema neno."

"Nimeshasema."

"Umeguna."

"Ndilo neno lenyewe!"

Tulilipuka, na shangazi alicheka mpaka akafuta machozi kwa kanga. Lakini hiyo ilikuwa sehemu ndogo. Kwa jumla, sehemu hii ya mchezo kwetu ni dhaifu, na kosa la tafsiri halimo. Kichekesho kimejengwa juu ya maradhi ya lugha moja, lile la kuandika hivi na kutamka vile. Kiswahili hakina maradhi hayo. Sisi tunaandika tunachotamka.

Ila tuna maradhi yetu. Kisukuma hakina r, na sisi tuliokua nacho huwa tunaibeba l yetu mpaka kwenye Kiswahili. Mtu anayetaka kutengeneza kitabu hiki kwa ajili yetu asitafsiri there na their. Aweke KALAMU na KARAMU. Aweke KULA na KURA, MAHALI na MAHARI. Kwa walioko sehemu nyingine aongeze THAMANI na SAMANI. Kisha amkalishe Mzanzibari kwenye kitabu na mtu wa Bariadi kwenye bomu, aanze kuhesabu. Nadhani dakika haitaisha. Huo ndio utakuwa ucheshi wetu, na utatoka mahali pa kweli, kwa sababu kila mmoja wetu amewahi kuchekwa kwa tamko lake na kila mmoja amewahi kumcheka mwenzake.

*

Nifike sasa kwenye jambo ambalo wachambuzi wengi wa mchezo huu hulipita haraka. Je, bomu ni kitu cha kuchekewa?

Usiku wa tatu alikuja jirani mwingine, mwanamume wa makamo aliyewahi kuishi Dar es Salaam. Alikaa nasi dakika chache. Mlio wa saa ulipoanza kuharakisha alisimama, akatoka nje, akaenda kusimama na ng'ombe. Shangazi akaniambia nizime sauti. Aliporudi tukamwuliza kama tuache kabisa. Akasema tuendelee, kisha akaongeza: "Ila la kweli halikupi dakika tano." Tarehe 16 Februari 2011 usiku, maghala ya silaha ya Gongo la Mboto yalipolipuka, yeye alikuwa anaishi huko.

Kwa nchi inayojisifu kwa amani, mabomu yametugusa zaidi ya tunavyopenda kukumbuka. Tarehe 7 Agosti 1998 balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam zilishambuliwa asubuhi moja. Watu 11 walikufa Dar, na Nairobi zaidi ya 200. Tarehe 29 Aprili 2009 ghala la silaha la Mbagala lililipuka. Miaka miwili haikutimia, ikafuata Gongo la Mboto, na usiku ule maelfu ya watu walikimbia na watoto mgongoni bila kujua wanakimbilia wapi. Katika yote hayo hapakuwa na waya mwekundu. Hapakuwa na saa ya kuhesabu, wala mtu mwenye kitabu kwenye simu. Sinema na mchezo huu vimetuzoesha bomu linalosubiri, bomu lenye kanuni, linalompa binadamu nafasi ya kuwa hodari. Bomu la namna hiyo ni la kubuni kama zimwi.

Ndiyo maana sioni kwamba mchezo unawatukana waliopatwa. Kilicho kwenye skrini ni kitendawili, na kitendawili kinaruhusiwa kumwita simba au kifo na kumfanya mtoto acheke. Lawama yangu iko kwingine. Kwenye kitendawili mtegaji yupo. Ana uso, amekaa pale, ukishindwa unampa mji na yeye anakutajia jibu. Kwenye mchezo huu bomu halina aliyelitega. Nani ameliweka chumbani? Anataka nini? Nani angekufa? Kimya. Kuna chumba kitupu, na taa inayozimika ghafla katikati ya kazi (mara ya kwanza shangazi aliuliza kama umeme umekatika Kiloleli nzima). Kimya hicho kinauweka mchezo kwenye utani, na naelewa kwa nini walikichagua. Lakini pia kinaufanya mwepesi. Baada ya mabomu ishirini unajua kila kitu kuhusu nyaya na hujui lolote kuhusu ubaya. Ni kitendawili kizuri kilichotegwa na mtu asiyekuwepo, na mimi mtu asiyekuwepo namwogopa kidogo.

Jirani yetu alikaa mpaka mwisho, sauti ikiwa imezimwa. Ndiye aliyetuletea habari za panya.

"Kwani si Morogoro wanafundisha panya?" akasema. Na kweli wanafundisha. Shirika la APOPO lina kambi yake Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ambako panya buku hufundishwa kunusa vilipuzi. Panya ni mwepesi, hivyo anapita juu ya bomu la ardhini bila kulilipua. Akinusa baruti anakwaruza udongo, anapewa kitu cha kula, na binadamu ndiye anayekuja kulitegua. Wamefanya kazi Msumbiji, Angola na Kambodia. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Morogoro, mwaka 2020 alipewa medali ya dhahabu na PDSA, shirika la hisani la wanyama la Uingereza, kwa mabomu aliyoyabaini Kambodia. Alikufa mwaka 2022, ameshastaafu.

Ukimsimulia mtu kwamba nchi yetu inapeleka panya nje kwenda kutafuta mabomu na wanapewa medali, atadhani ni kichekesho cha kubuni, zaidi hata ya bomu linalouliza kama lilipuke. Na ukitazama vizuri, mpangilio ni ule ule wa mchezo. Panya anajua bomu liko wapi na hajui la kufanya. Binadamu anajua la kufanya na hajui liko wapi. Kati yao kuna mkwaruzo mmoja kwenye udongo. Binadamu asipomwamini panya, hakuna kazi.

*

Hapo ndipo ninapouona uzito wa mchezo huu. Mwenye kitabu haoni bomu, mwenye bomu haoni kitabu. Kwetu hilo si jambo la kubuni hata kidogo. Mkulima ana chupa ya dawa ya pamba mkononi, na maelekezo yamo kwenye karatasi ya herufi ndogo kwa lugha ambayo mwanawe wa sekondari ndiye anayeisoma nusu nusu. Mgonjwa ana bahasha ya vidonge iliyoandikwa 1×3, na anarudi nyumbani akijiuliza kama ni kimoja mara tatu au vitatu kwa mkupuo. Bibi ameshika simu yenye hela, na mjukuu yuko mjini anamwelekeza bonyeza hii, bonyeza ile, huku kila mmoja akimwona mwenzake hasikii. Hapo pia kuna saa inayokimbia, na ukikosea unalipa kweli.

Na kwa kawaida, kati ya hao wawili, ni yupi tunayemwita mjinga? Ni mwenye bomu. Mwenye kitabu ana cheti, ana kiti, ana haki ya kukasirika. Usiku wa kwanza Mwalimu alicheza hivyo hivyo. Alisoma ukurasa mzima kwa sauti ya darasani kuanzia juu, kama anayetoa imla, na muda ukaisha yuko kwenye aya ya pili. Tulilipuka mara nne mfululizo kwa sababu ya ufasaha wake. Usiku wa pili, mbele ya shangazi, alikuwa ameshajifunza. Alianza kuuliza. Nyaya ngapi? Wa mwisho rangi gani? Kuna betri? Maswali mafupi, moja moja, akisubiri jibu. Kitabu kile kile, mtu yule yule, ila sasa mdomo wake ulikuwa unafuata macho ya mwenzake.

Sijasoma riwaya nyingi zilizoweza kumbadilisha msomaji kwa usiku mmoja, na sidai kwamba mchezo umembadilisha Mwalimu katika maisha yake. Nadai kitu kidogo zaidi. Umbo la mchezo linamlazimisha msomi asikilize, kwa sababu hapo elimu yake bila macho ya mwingine haina thamani hata ya sumni. Hauhubiri. Unakulipua tu, mpaka uelewe. Fasihi inayojinadi kumtetea mkulima mara nyingi humweka mkulima kwenye kurasa na kuzungumza badala yake. Huu umemweka shangazi mbele ya bomu, na sote tukanyamaza tumsikie.

Kasoro zake nimeshazitaja, na ipo moja zaidi. Kitabu kikishakaririwa, ladha inapungua. Kitendawili unaweza kukijua jibu lake na bado ukapenda kutegewa, kwa sababu kuna sauti, kuna mzaha, kuna watu. Mchezo huu ukifika kwa wataalamu wawili waliokariri unakuwa kazi ya kiwandani. Nimetazama watu wakiucheza hivyo kwenye video: namba, rangi, namba, imekwisha, bila taswira hata moja. Hawalipuki, na hakuna anayecheka. Kwa hiyo nashauri uchezwe na wanaoanza, na wanaoanza wabadilishwe mara kwa mara.

Ukiupata, fanya hivi. Printi kitabu, ukishike wewe unayejiona umesoma. Kompyuta mpe mtu wa nyumbani ambaye huwa mnamkatiza akiongea, awe mama, shangazi, au mdogo wa mwisho. Mwambie akueleze anachokiona kwa maneno yake mwenyewe. Akisema ni zizi, tafuta zizi. Na kama kuna mwenye ujuzi wa programu anayesoma hapa, kile kitabu chetu chenye KALAMU na KARAMU bado kinamsubiri mtu wa kukitega.